Fundo la Ta Ishengoma

Kemilembe, ambaye sasa ndiye msimamizi wa Daraja la Akazinga, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kazini yale ninayoyakumbuka. Nadhani alitegemea kurasa mbili za ushauri. Amemwomba mtu asiyefaa. Mimi niliondoka Bukoba na shati moja, nikarudi na diploma ya ujenzi, na nyumba yangu ya Nshambya naamini mmeiona, maana ukipita barabara ile huwezi kuikwepa. Kurasa mbili hazinitoshi hata kwa salamu.

Vyeo nilivyopanda na mishahara niliyopokea havitamfundisha mtu kusokota kamba, kwa hiyo naviacha. Nitaanza na daraja lenyewe, kwa ajili ya yeyote atakayesoma haya bila kufika kwetu.

Upande wa Muleba, pale ukingo wa ziwa unapoinuka na kuwa majabali, kuna mwamba uliojitenga na nchi kavu, umesimama majini peke yake, juu umelala bapa kama meza. Tunauita Akazinga, yaani kisiwa kidogo. Jua linaupiga tangu asubuhi na upepo haukatiki, na babu zetu waliona hakuna mahali bora pa kuanika dagaa, mbali na kuku, mbuzi na watu wenye mikono mirefu. Mtumbwi hauwezi kuukaribia kwa sababu mawimbi yanagonga mawe pande zote. Basi wakafunga daraja la kamba za katani kutoka jabalini hadi mwambani: kamba mbili nene za kukanyagia, zilizotandikwa vipande vya mbao, na mbili za kushika kwa mikono. Walivuka na vikapu kichwani. Wageni wa leo wanavuka na simu mkononi, na wanapiga kelele kuliko wale waliobeba dagaa.

Mimi nilizaliwa Izimbya, kwenye migomba na mibuni. Nilikwenda Mwanza bandarini nikiwa sijui hata kamba ya meli inafananaje. Nilianza kwa kubeba magunia, nikaishia kuwa mfungaji wa kamba za meli ambaye manahodha walikuwa wakimwulizia kwa jina. Baadaye Dar es Salaam, mchana bandarini, jioni darasani, mpaka nikapata diploma ambayo hakuna mjomba aliyenilipia wala shangazi aliyeniombea. Watu husema anayerudi nyumbani ameshindwa huko alikokuwa. Mimi nilirudi kwa nauli yangu mwenyewe, na kwa sababu kijiji cha pale Akazinga kilikuwa kinatafuta mtaalamu wa daraja, na mtaalamu alikuwa mimi.

Siku ya kwanza nilifika na buti, kofia ngumu ya ujenzi na futi ya kupimia iliyoning'inia kiunoni. Aliyenipokea alikuwa Ta Ishengoma, yaani Mzee Ishengoma, aliyekuwa mkuu wa kamba, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alikuwa mfupi, miguu peku, koti la suti lililowahi kuwa la mtu mrefu. Alininyooshea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomfanyia mgeni yeyote, nikachukua punje zangu.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Dar es Salaam, waitu," nikasema, kwa neno letu la heshima. "Lakini kwetu ni Izimbya."

"Izimbya kwa nani?"

Nikamtajia ukoo, baba, babu. Alitafuna akifikiri.

"Babu yako alikuwa muoga wa maji," akasema. "Hiyo kofia ni ya nini?"

"Ni ya usalama, waitu. Kitu kikianguka kutoka juu."

Alitazama juu. Juu kulikuwa na mbingu. "Hapa vitu vinaanguka kwenda chini," akasema. Akanipa fungu la nyuzi za katani na kunionyesha mahali pa kukaa.

Kwa msimu mzima nilisokota. Kamba yetu inasokotwa kwa kiganja juu ya paja, uzi kwa uzi, na asiyeamini aje atazame paja langu la kulia, ambalo halijaota nywele mpaka leo. Nyuzi zikawa uzi mnene, nyuzi nene zikawa kamba, kamba ikaloweshwa, ikatundikwa mawe ili inyooke, ikaanikwa, ikaloweshwa tena. Msiiruke hatua hiyo. Katani isiyonyooshwa kwanza hulegea yenyewe baada ya kufungwa, na daraja linaning'inia kama utumbo. Chombo cha Ta Ishengoma cha kufungulia nyuzi zilizokaza kilikuwa pembe ya ng'ombe iliyochongwa ncha. Nilikuwa na kifaa cha chuma kutoka bandarini, kizuri, cha kigeni. Chuma kinakata nyuzi. Nilikiweka kwenye begi, na sikujisikia vibaya, kwa sababu mtu mwenye elimu anajua kubadilisha kifaa.

Naye aliyapokea mapendekezo yangu. Mimi ndiye niliyesema wageni wasivuke baada ya adhuhuri, upepo wa ziwa unapoamka. Mimi ndiye niliyechimbia nguzo za mti wa mshambya upya na kuzimwagia zege chini. Mimi ndiye niliyepiga marufuku kuimba darajani, maana watu wanaoimba wanakanyaga kwa pamoja, na watu wanaokanyaga kwa pamoja wanalichezesha daraja mpaka linawachezesha wao. Ta Ishengoma alinisikiliza, akasema, "Diploma hii kumbe ina kitu ndani." Nimewahi kupewa vyeti vya pongezi ambavyo sikumbuki viko wapi. Sentensi hiyo naikumbuka.

Kesi ngumu zilikuwa za watu kuganda katikati. Mwalimu mmoja kutoka Kahororo aliganda, kashika kamba zote mbili, macho kafumba. Wenzake ukingoni walimpigia kelele, "Usiogope, mwalimu." Hakuna neno baya kama hilo. Ukimwambia mtu asiogope anakumbuka kwamba anaogopa. Nilimfuata polepole nikamwuliza leo nyumbani wanapika mboga gani. Akasema maharage. Nikamwuliza nani anayachochea. Akasema mdogo wake, na kwamba huwa anayaunguza. Tukaja tukimsema mdogo wake mpaka nchi kavu. Fanyeni hivyo. Kila mtu ana mdogo wake wa kuunguza maharage.

Kesi nyingine ni ya senene, wale panzi tunaowala. Kundi la watu wazima wenye heshima zao walikuwa katikati ya daraja senene waliposhuka kama mvua ya majani. Mgeni wa Ulaya angeinama na kujifunika uso. Hawa walikuwa Wahaya. Waliachia kamba za mikono, wote, wakaanza kuokota, mmoja akivua kofia ili awatie. Ta Ishengoma alikuwa ukingoni karibu nami. Nilidhani ataniambia nikawaokoe. Alisema, "Waambie wasimalize wa huku mwisho."

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka kuisimulia.

Kila mwaka kamba zinabadilishwa, na mnaijua desturi yake. Aliyefunga ndiye anayevuka kwanza, peku, aende na arudi, ndipo mwingine akanyage. Na fundo likishafungwa, mtu mwingine haliwekei mkono mpaka aliyelifunga amerudi. Kuligusa kabla ya hapo ni kutangaza mbele ya watu kwamba mikono ya yule imekwisha, na ambaye fundo lake limeguswa hafungi tena maisha yake. Nilipofika niliicheka desturi hii moyoni. Baadaye niliona ina akili kuliko kanuni nyingi nilizosoma: fundi anayejua kwamba mguu wake ndio wa kwanza hafungi ovyo.

Wakati huo hatukuwa bado na mikanda ya usalama. Chini ya daraja kulikuwa na mawe na maji, kama ilivyo leo.

Siku hiyo ya kamba mpya kulikuwa na kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri kutoka Izimbya, watu wa kwetu, wamevaa vitenge vya sare. Waliletwa na Idrisa, dereva wa Bukoba mjini. Wengi wenu mnamjua: mtu ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani, anayezungumza Kihaya kuliko sisi na ambaye hajawahi kuacha utani umpite. Kwa kuwa walikuwa watu wa kwetu, nilisimama mbele yao nikawaeleza mimi ni nani. Niliwaeleza Mwanza, nikawaeleza Dar es Salaam, nikawaeleza diploma. Nilihitimisha kwa kusema kwamba hakuna fundo linalofungwa Afrika Mashariki ambalo mikono hii hailijui. Wakapiga makofi. Idrisa alikohoa.

Nyuma yangu Ta Ishengoma alikuwa amemaliza fundo la mwisho, la kamba ya kukanyagia, upande wa kulia, kwenye nguzo ya nchi kavu. Alikuwa ameshaanza kuvua koti. Nikapita kukagua kwa macho, kama nilivyofanya kila mwaka.

Fundo letu ni mizunguko mitatu kwenye nguzo, kisha mkia wa kamba unapita chini ya mizunguko na kuvutwa kuelekea ziwani. Uzito ukija, mizunguko inaubana mkia, na kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo unavyobanwa zaidi. Mkia wa Ta Ishengoma ulipita juu ya mzunguko wa mwisho. Haukuwa umebanwa na kitu chochote. Ulikuwa umelala tu, umevutwa vizuri, umenyooka, mzuri kutazama. Ungebeba mtu hatua chache, labda hadi katikati.

Nilikuwa nimeona kwa miezi kadhaa jinsi anavyotafuta kikombe kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye hakuwa amemwambia mtu.

Kuligusa fundo nisingeweza. Ningekuwa nimemzika mbele ya kwaya. Kumnong'oneza pia haikufaa, kwa sababu masikio nayo yalikuwa yameanza kuwa mazito, na kumnong'oneza Ta Ishengoma ilikuwa sawa na kutangaza kanisani. Kumzuia kwa kisingizio cha upepo ningeweza, lakini hakukuwa na upepo, ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta, na watu wazima wa Izimbya wanajua ziwa linafananaje. Alikuwa ameshaliweka koti juu ya jiwe. Mguu mmoja ulikuwa unautafuta ubao wa kwanza.

"Ta Ishengoma," nikasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia. "Kabla hujavuka. Fundo hili nimelisahau."

Akageuka. "Umesahau nini?"

"Fundo, waitu. Linavyofungwa. Naomba unifundishe tena, ulifungue ulifunge nikiona."

Kisha Idrisa akasema, akiwatazama wanakwaya, "Afrika Mashariki yote, jamani."

Walicheka mpaka wengine wakaketi. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alimwuliza jirani yake, kwa Kihaya, kama huyu ndiye yule mwenye diploma au ni mwingine. Jirani akamjibu kwamba diploma nazo huisha muda wake kama dawa. Nilisimama nikazipokea. Mimi si mtu wa kuchekwa. Sikuzoea wakati ule, na tangu hapo nimelazimika kuzoea.

Ta Ishengoma hakucheka. Alirudi kwenye nguzo, akachuchumaa, akaweka mkono juu ya fundo lake. Vidole vilipita mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vikaufikia mkia. Vikasimama hapo.

Alikaa hivyo akitazama upande wa ziwa.

"Hiyo diploma," akasema mwishowe, "walikupa au uliiokota?"

"Walinipa, waitu."

"Warudishie." Watu wakacheka tena. "Kaa hapa. Lete mikono."

Alifungua fundo lake mwenyewe, jambo ambalo desturi inamruhusu. Nikaweka mikono yangu chini ya yake. Mzunguko wa kwanza alifunga peke yake, wa pili peke yake, wa tatu peke yake. Kwenye mkia vidole vyake vilisita. Nikausukuma chini, naye akauvuta kwa nguvu zake zote, na bado zilikuwa nyingi.

"Umeona?" akasema kwa sauti ya kufundisha.

"Nimeona, waitu."

"Usisahau tena."

Akavuka. Alikwenda kama alivyokwenda miaka yote, mabega yametulia, bila haraka, akafika mwambani, akagusa jiwe, akageuka, akarudi. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya ile nguzo, macho kwenye mkia wa kamba, na kila alipoweka mguu niliuona ukibanwa. Aliporudi nchi kavu alivaa koti lake na kuomba kahawa. Kwaya ikavuka, kimya kama nilivyoamuru, ikaenda kuimbia mwambani, na wimbo ukaja juu ya maji. Hakuna aliyejua kitu zaidi ya kwamba mtaalamu amesahau fundo.

Hilo walilijua vizuri. Kabla ya wiki kwisha lilikuwa limefika sokoni Bukoba. Jina langu likawa Nimesahau. Idrisa aliliingiza kwenye masimulizi yake ya njiani, kwa hiyo kila gari la wageni lilishuka likiwa linatabasamu. Wapo walioomba kupiga picha nami kando ya nguzo. Kemilembe, ulipoajiriwa, siku yako ya kwanza uliniuliza kwa heshima zote kama ungeweza kunisaidia kukumbuka chochote. Nilikujibu vibaya. Swali lilikuwa zuri, lakini lilikuwa limeulizwa mara nyingi.

Mwaka uliofuata Ta Ishengoma aliwaambia wazee, kwa hiari yake na kwa kinywa chake, kwamba macho yamechoka na amekabidhi. Hakuna aliyemnyang'anya. Aliniita nguzoni mbele yao.

"Sasa utafunga wewe," akasema. "Ukikumbuka."

Nilifunga, nikavuka wa kwanza, peku, na ninakiri miguu ilikuwa baridi. Nimefunga kila mwaka tangu hapo. Daraja halijawahi kumdondosha mtu, na hilo naruhusiwa kujivunia bila kuomba ruhusa kwa Idrisa.

Ta Ishengoma alizeeka akiwa mtu mwenye heshima yake. Watoto wa shule waliletwa kwake kuonyeshwa kusokota. Kwenye sherehe alikaa kiti cha mbele. Alipozidiwa nilikwenda kumtazama nyumbani kwake, kibandani chini ya migomba, na mkewe, Ma Kokubanza, akanipa ndizi na kutuacha peke yetu. Tulizungumza habari za kamba. Halafu akasema, bila mimi kuuliza:

"Bado wanakuita lile jina?"

"Bado, waitu. Jana mtoto wa jirani yangu aliniita hivyo akidhani ndilo jina la ukoo."

"Naona linakukaba. Mtu kama wewe."

Nilimenya ndizi niliyopewa.

"Nikiwa hai usiseme," akasema. "Na nikifa usiseme mara moja, watadhani ulikuwa unahesabu pumzi zangu. Subiri ustaafu. Hapo waeleze wote, yote, kwa sauti yako ile kubwa. Nakuruhusu."

"Kuna tofauti gani nikistaafu?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Ma Kokubanza akaja kutazama nimemfanyia nini mgonjwa. Hakunijibu, si siku hiyo wala siku zilizobaki. Nilimsaidia kunywa maji, tukaendelea na habari za katani.

Tulimzika kwenye shamba lake. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioshika kamba za kuteremsha jeneza, na nilizikagua zote kabla.

Sasa nimestaafu, na nimewaeleza. Sikusahau fundo. Sijawahi kusahau fundo lolote, hapa wala bandarini. Nililiona kosa la mzee wangu kabla hajalikanyaga, na nilifanya nilichofanya kwa kujua gharama yake, nami ndiye niliyeilipa.

Kabla ya kuandika nilijaribu kwanza kwa mdomo. Nilimwita Idrisa nyumbani Nshambya, nikamwalika na Kemilembe, nikawawekea chai na maandazi, nikasimulia kama nilivyoandika hapa, mkia juu, mkia chini, vidole vilivyosita. Kemilembe alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anavyomsikiliza baba yake.

"Mzee," akasema, "umeshastaafu. Tunakupenda. Huna haja ya kujitetea."

Idrisa alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa kilemba chake. "Miaka yote hii ulikuwa unaitunga," akasema. "Na ni nzuri. Lakini Ta Ishengoma akosee fundo? Yule? Bwana, majivuno yako yamefika mpaka kwa marehemu."

Niliwatazama wote wawili. Nilitafuta shahidi kichwani, sikumpata, maana shahidi wangu pekee yuko chini ya migomba yake. Na hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikicheka siku ile hata akakohoa. Alikuwa amenipa ruhusa ya kusema kila kitu mbele ya kila mtu, akijua kwamba fundo lake halitalegea hata kidogo.

Nilianza kucheka nami. Idrisa akadhani nimekubali kushindwa, akanipiga begani na kusema, "Si unaona, Nimesahau?" Nikamwacha aone hivyo. Nikachukua birika, nikamjazia kikombe chake mpaka juu.